Kiprugut, Askari wa Keya

Watoto wetu hapa Sur, Ibra na Nizwa wanamjua Emmanuel Wanyonyi. Walimwona Paris mwaka 2024 akichukua dhahabu ya mita 800. David Rudisha nao wanamjua, kwa sababu sisi wazazi hatuchoki kumtaja. Lakini waulize ni Mkenya gani aliyetangulia kupanda jukwaani kwa mbio hizo, utajibiwa kwa kimya. Basi Jamhuri hii tumeona tuwaandikie habari za Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho, Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, pamoja na habari za jeshi alilolitumikia.

Kiprugut aliingia jeshini mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati jeshi lenyewe bado ni King's African Rifles, KAR, ambalo wazee wetu walilitamka Keya. Liliundwa mwaka 1902. Vita vya kwanza lilipigana Tanganyika, vya pili likafika hadi Burma. Kwa karibu maisha yake yote utaratibu ulikuwa mmoja: askari ni Mwafrika, afisa ni Mzungu. Mshahara mbali, chakula mbali, bwalo mbali. Mtu aliyetumikia miaka ishirini alimpigia saluti kijana aliyeshuka melini juzi. Ukoloni ulipokaribia kwisha kikabuniwa cheo cha effendi, juu ya sajini lakini chini ya afisa wa Kizungu aliye mdogo kuliko wote. Neno hilo asili yake ni Kituruki, na askari wa Kisudani walikuwa wamelileta jeshini zamani. Ndilo lililotupa "afande", ambalo leo tunamwitia polisi yeyote pale Likoni.

Mambo hayo hayakuwa ya Kenya peke yake. Marekani nayo ilikuwa na jeshi lililotenganisha weusi na weupe. Bondia Joe Louis, bingwa wa dunia, alilitumikia tangu 1942. Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi mwaka 1944 baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi huko Texas, akaachiliwa. Lakini Robinson angalau alikuwa Luteni. Katika Keya ya mwaka huo, Mwafrika hakuwa na njia ya kufika huko.

Hata michezo ya koloni ilipangwa kwa rangi. Miaka ya 1920 palianzishwa chama cha michezo cha Waarabu na Waafrika, Wazungu wakibaki na vyao. Majirani zetu wa Ibra ambao wazee wao walizaliwa Mombasa watacheka wakijua kwamba tuliwekwa fungu moja. Ndani ya jeshi, maafisa walizipenda sana mbio. Tunavyoona sisi, askari aliyechoka kwa kukimbia hana nguvu ya kunung'unika. Hata hivyo uwanjani pale mtu aliweza kumwacha afisa wake nyuma mbele ya kikosi kizima, na saa ikaandika hivyohivyo.

Bendera ikapandishwa tarehe 12 Desemba 1963, na vikosi vya Keya vikawa Kenya Rifles. Majina yalibadilika upesi kuliko mambo. Januari 1964 askari wa Lanet, Nakuru, waliasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda. Malalamiko yalikuwa mshahara, na maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanaamuru. Uasi hatuusifu. Lakini wengi wetu tumewahi kufanya zamu moja na mtu mwenye cheti kama chetu na mshahara usiofanana na wetu, kwa sababu ya pasipoti tu. Kile kidonda cha Lanet hatuhitaji kuelezwa.

Mwaka huohuo, tarehe 16 Oktoba, Kiprugut alisimama Tokyo katika fainali ya mita 800. Peter Snell wa New Zealand akashinda, Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili. Kiprugut na George Kerr wa Jamaica wakaandikiwa muda uleule, dakika 1 na sekunde 45.9, na shaba ikawa ya Kiprugut. Mkuu wa jeshi lake siku hiyo alikuwa bado Mwingereza. Alikuwa bado Mwingereza pia Agosti 1966, Kiprugut alipoleta fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola, Kingston. Desemba ya mwaka huo ndipo Joseph Ndolo, mwana wa Keya, alipokabidhiwa jeshi.

Kwa hiyo Mexico, Oktoba 1968, ndipo Kiprugut alipokimbia Olimpiki akiwa na mkuu Mkenya. Aliongoza mbio kwa kasi ya kutisha, hadi Ralph Doubell wa Australia akampita mwishoni. Fedha tena. Siku mbili kabla, askari mwenzake Naftali Temu alikuwa ameshinda mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Kenya.

Kiprugut alifariki mwaka 2022. Tumeiomba kamati ya sherehe kwamba mbio za vijana mwaka huu ziwe za mita 800, na anayeanzisha mbio awataje jina lake kabla ya kupuliza filimbi.