Picha Iliyochekwa New York

Kabla New York haijaicheka picha ya mchoraji Marcel Duchamp ya mtu uchi akishuka ngazi, Paris ilikuwa imeshaikataa. Mwaka 1912 aliipeleka kwenye maonyesho ya wasanii huru, na walioipinga hawakuwa wazee wa akademia. Walikuwa wenzake wa mtindo wa uchoraji wa kyubizimu, watu waliojinadi kuwa wavunja kanuni! Kwao, mtu uchi kwenye picha hulala au huketi, hashuki ngazi. Wakawatuma kaka zake wawili kumwomba abadili walau jina la kazi hiyo. Duchamp hakubishana. Alikwenda akaichukua picha yake, akarudi nayo nyumbani kwa teksi.

Picha hiyo ndiyo iliyovuka bahari. Februari 17, 1913, wasanii wa Marekani wakiongozwa na Arthur B. Davies walifungua maonyesho ndani ya jengo la Kikosi cha 69 cha jeshi, New York. Ukumbi ulijaa kazi zipatazo 1,300: za Cézanne, Van Gogh, Matisse, Brancusi. Wengi wa walioshiriki walikuwa Wamarekani wenyewe, lakini magazeti hayakuwa na habari nao.

Macho yote yalikuwa kwa Duchamp. Ukiitazama picha yake, unaona rangi za kahawia na manjano iliyofifia, mapande ya mwili yakipandana na kuteremka kutoka kushoto kwenda kulia, kama picha za kamera zilizopigwa mfululizo kisha zikabandikwa pamoja. Uso hauonekani. Mwandishi mmoja alisema ni kiwanda cha vigae vya mbao kilicholipuka. Jarida la sanaa likatangaza zawadi ya dola 10 kwa atakayemwona mwanamke ndani ya picha hiyo. Mshindi alijibu kwamba ni mwanamume.

Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, yule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, naye alifika. Aliwasifu waandaaji kwa kuthubutu, ila akaandika kuwa zulia la Wanavaho, wenyeji asilia wa Marekani, lililokuwa bafuni kwake liliishinda picha ile. Maonyesho yalipohamia Chicago, wanafunzi wa sanaa walimfungulia Matisse kesi ya mzaha na kuchoma nakala za picha zake.

Kejeli hizo zilikuwa tangazo ambalo Davies asingeweza kulilipia, kwani watu walimiminika. Mfanyabiashara wa San Francisco, Frederic Torrey, aliinunua kazi ya Duchamp kwa dola 324. Sasa iko katika Jumba la Sanaa la Philadelphia.