Wazimu wa Kuigiza Msibani: Tamthilia Ilivyokaa Ndani ya Matambiko

Historia ya tamthilia huanzishwa Ugiriki. Aristotle aliandika kwamba tanzia ilitokana na waongozaji wa nyimbo za kumsifu mungu Dionisi, na mwanzoni mwa karne ya 20 Jane Harrison na wenzake wa Cambridge wakaikuza hoja hiyo: kwanza huja tambiko, kisha imani inapopoa, yale matendo hubaki kuwa mchezo wa kutazamwa. Kwa hesabu hiyo, mikoa kama Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, ilikuwa na matambiko tu, na tamthilia ikaletwa na shule na misheni. Ukiwatazama watu wa nyanda hizi walivyoomboleza na walivyoyeyusha chuma, mpangilio huo hausimami. Uigizaji haukungoja imani ipoe. Ulikuwa ndani ya tambiko tangu mwanzo, kwa sababu bila uigizaji tambiko lisingefanya kazi yake.

Ushahidi ulioandikwa vizuri zaidi unatoka kwa Wanyakyusa, majirani na ndugu wa karibu wa Wandali wa Ileje, mkoani Songwe. Mpaka wa mkoa usitudanganye hapa: Songwe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016 tu, na mpaka wenyewe wa nchi, unaowagawa Wanyamwanga wa Tunduma na Momba na ndugu zao wa Zambia, ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Mila ni kongwe kuliko mistari hiyo. Miaka ya 1930, wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi kwa Wanyakyusa wakiandika walichokiona. Katika tambiko la kuwatakasa wafiwa, takataka zilifagiwa na kumwagwa juu yao, nao wakajifanya wendawazimu. Wenyewe walieleza sababu: uchafu ule ni wa kifo, na wazimu uje leo, mbele ya watu, usije ukawapata kweli baadaye. Maelezo hayo ndiyo kiini cha jambo zima. Mfiwa alijua kwamba hajarukwa na akili. Aliuvaa wazimu kwa muda, kwa mpangilio unaojulikana, kisha akauvua. Hiyo ni kazi ya mwigizaji, na ilifanywa na mtu aliyeamini kwa dhati kwamba uzima wa akili yake unaitegemea.

Kwa Wafipa, majirani wa Momba upande wa Rukwa, tanuru jipya la kuyeyushia chuma lilishughulikiwa kama bibi harusi, likatiwa dawa, na mafundi wakajizuia kukutana na wake zao hadi kazi iishe. Mafundi hao walikuwa watu wa hesabu kali za udongo, makaa na upepo, na hakuna aliyedhani kwamba udongo umeolewa. Waliicheza ndoa ili chuma kizaliwe.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si nyepesi. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alisema tamthilia haikuenea barani humu kama ilivyoenea Ulaya na Asia, kwa kuwa pale penye ngoma na vinyago mara nyingi hapana hadithi inayosemwa na wahusika. Nakubali kwamba mfiwa hakuwa na majibizano ya kusema. Lakini Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walipendekeza kipimo kinachotufaa zaidi, chenye vipengele vinne: dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja na watazamaji. Tambiko la wafiwa lina vitatu vya kwanza bila ubishi. Ubishi uko kwa watazamaji, maana husemwa kwamba tambiko halina mtazamaji, lina washiriki tu. Hapo maelezo ya Godfrey Wilson kuhusu mazishi, yaliyochapishwa mwaka 1939, yanatoa jibu. Vijana walicheza ngoma ya vita wakiwa na mikuki, ngoma iliyoanza kwa uchungu na hasira. Lakini kadiri siku ilivyosonga ikageuka burudani, wachezaji wakijionyesha na wasichana wakiwatazama, huku akina mama wafiwa bado wakilia. Uwanja ulikuwa mmoja na siku ilikuwa moja. Mmoja aliomboleza na mwenzake akafurahia uhodari wa mchezaji, wala hakuna aliyehitaji kuacha kuamini kwanza. Wakristo wa misheni waliolelewa na Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, waliziacha ngoma hizo msibani. Kilichokatwa hapo kilikuwa ibada pamoja na jukwaa.

Je, basi hakuna tofauti kati ya tambiko na tamthilia? Ipo, na Ebrahim Hussein anaionyesha vizuri kuliko wanadharia. Katika tamthilia yake Kinjeketile (1969) alilipandisha jukwaani tambiko la maji ya Ngarambe, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, tambiko lililowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Anayekaa ukumbini anajua tangu mwanzo kwamba maji hayatazuia risasi, na ujuzi huo ndio unaompa nafasi ya kumpima Kinjeketile na kumhurumia. Wapiganaji wa Maji Maji hawakuwa na nafasi hiyo. Wengi waliyaamini maji wakaenda nayo vitani. Mfiwa wa Kinyakyusa anakaa kati ya hao wawili. Alijua kwamba wazimu wake ni wa kuigiza, na bado aliuigiza kwa moyo wote, kwa kuwa aliona kuigiza ndiko kutakakomponya.