Asili ya Jina Linalobadilika Katika Dirisha la Terminali

Hapo zamani terminali ya kompyuta ilikuwa chombo cha kuguswa kwa mkono. VT100, iliyotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1978, ilikuwa na skrini moja yenye mistari 24 ya herufi 80, na aliyeketi mbele yake hakuhitaji kuambiwa anatazama nini. Haja ya jina ilizaliwa chombo kilipogeuka kuwa picha. Mwaka 1984, mfumo wa madirisha wa X ulipokuwa ukianza huko MIT, Marekani, Mark Vandevoorde alianza kuandika xterm, programu iliyoiga terminali ndani ya dirisha. Tangu hapo mtu mmoja aliweza kufungua madirisha kumi, yote yakifanana kama mapacha.

Kufanana huko kulikuwa na hatari. Mtunza mitambo aliyekusudia kufuta faili katika kompyuta ya majaribio aliweza kuiandika amri yake katika dirisha la kompyuta inayotumiwa na chuo kizima, na kazi ya watu ikapotea kwa kosa la jicho tu. Kulipa dirisha jina wakati wa kulifungua hakukutosha, kwa maana mwenyewe huhama saraka, huingia kompyuta ya mbali, na jina la asubuhi huwa uongo ifikapo adhuhuri.

Nani basi aujuaye ukweli? Si dirisha, ambalo hupokea herufi na kuzichora. Aujuaye ni sheli, yaani programu inayopokea amri na kuzitekeleza. Kwa hiyo xterm ilikubali jina lipite katika njia ile ile ya maandishi: herufi namba 27, mabano ya mraba ya kufungia, sifuri, nukta mkato, jina lenyewe, kisha herufi namba 7. Namba 7 hiyo, katika mpango wa ASCII wa mwaka 1963, ni kengele iliyomwita karani kwenye teleprinta. Hapa hufunga jina pasipo kulia.

Likabaki swali la wakati. Watumiaji wa sheli ya C waliibadili amri ya cd ili kila kuhama saraka kutangaze jina jipya. Hila nzuri, ila haikutambua mtu aliporejea kutoka kompyuta ya mbali. Bash ya Brian Fox, iliyotolewa mwaka 1989, ikaja kuwa na PROMPT_COMMAND: kilichowekwa humo hutekelezwa kila mara sheli inapokaribia kuomba amri. Hivyo mtu akirudi nyumbani, sheli ya nyumbani hulirudisha jina lake. Zsh, iliyoanzishwa na Paul Falstad mwaka 1990, iliendelea mbele zaidi, kwani preexec yake hufanya kazi baada ya amri kusomwa na kabla haijatekelezwa, na dirisha likaweza kutaja kazi inayoendelea.

Lakini njia inayopitisha jina haimwulizi mpitaji ni nani. Mwaka 2003 H D Moore alionyesha kwamba faili yenye hila, ikisomwa tu kwenye skrini, iliweza kuliita dirisha kwa maneno ya amri, kisha kuitaka terminali iyarudishe maneno hayo kana kwamba yameandikwa na mwenye kompyuta, yakingoja abonyeze Enter. Xterm ya leo hukataa kulirudisha jina mpaka iruhusiwe. Kulibadili kumeachwa wazi, na faili iliyosomwa kizembe yaweza bado kulibandika dirisha jina la uongo, hadi sheli itakapoomba amri nyingine na kulisahihisha.