Spoki na kisigino cha mtoto (Sehemu ya 3)

Jana tuliongelea maji ya moto jikoni. Leo ni zamu ya baiskeli, maana ndiyo inayowaleta wengi kliniki, mama kwenye keria na mtoto mgongoni.

Baiskeli haikuanza na spoki za chuma. Mwaka 1817 Mjerumani Karl von Drais alitengeneza chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedeli wala cheni. Unakikalia, unasukuma ardhi kwa miguu. Miaka ya 1860 Wafaransa wakaongeza pedeli, ila magurudumu yalikuwa ya mbao yaliyovishwa bamba la chuma. Waingereza wakaiita "mtikisa mifupa". Si mnazijua njia zetu za vumbi? Zipite bila mpira uone!

Miaka ya 1870 nyaya nyembamba za chuma zikachukua nafasi ya mbao. Zinakazwa kati ya ringi na habu, ndiyo maana gurudumu jepesi linabeba gunia la mahindi. Mwaka 1888 ukaja mpira wa kujaza upepo. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliuvisha kwanza kwenye kibaiskeli cha mwanawe, asirushwe-rushwe. Yaani tairi hili la upepo lilianzia kwa mtoto!

Keria je? Hiyo ni ya mzigo. Gunia halina miguu ya kuning'inia, mtoto anayo. Kisigino kikiingia kwenye spoki kinabanwa na fremu, ngozi inachunika, na wakati mwingine mfupa unavunjika.

Dawa ni ya zamani. Miaka ya 1890, wanawake wa Ulaya walipoanza kupanda baiskeli, sketi zao ndefu zilinaswa. Mafundi wakafunga wavu wa nyuzi pande zote za gurudumu la nyuma. Wao walilinda nguo, sisi tulinde mguu. Mwambie baba watoto au fundi akate dumu kuukuu la plastiki, alifunge kwa waya pande zote mbili bila kugusa spoki, na aweke pa kukanyagia. Pindo la kanga nalo lichomekwe vizuri.

Jambo lingine: ringi ya chuma ikilowa mvua ya masika, breki inateleza. Ya aluminiamu inashika vizuri zaidi. Ukiwa na mtoto, punguza mwendo mapema.

Mguu ukishanaswa, usiuvute. Rudisha gurudumu taratibu au kata spoki. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Njooni kituoni siku hiyohiyo hata kama anatembea, kwa sababu ngozi iliyobanwa huonekana nzima leo, halafu ikafa baada ya siku chache.

Nani baiskeli yake ina kinga tayari? Weka picha hapo chini wenzio waone. Kesho tutaongelea chandarua.