Chokaa na Joto: Historia ya Yai Katika Garissa

Kwa muda mrefu, nchi kavu ya Garissa iliyo ng'ambo ya Mto Tana, sehemu ya eneo ambalo serikali ya kikoloni ililiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ilikuwa nchi ya ngamia, ng'ombe na mbuzi, na kuku hakuwa na nafasi ndani yake. Wafugaji wa Kisomali, kama Wakushi wengine kadhaa, walidharau kuku na mayai yake ingawa sheria ya Kiislamu haikuviharamisha. Na dharau hiyo haikukosa sababu, kwani kuku huhitaji maji kila siku na nafaka, wala hawezi kuswagwa kutoka kisima hadi kisima. Waliomfuga ni wakulima wa kandokando ya mto, Wapokomo na Wamunyoyaya, ambao kuku wao walijitafutia mchwa na mabaki ya mahindi, wakataga mayai ambayo kwa kawaida hayafiki 100 kwa mwaka.

Vita vya Shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, kati ya serikali na Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, na baadaye ukame wa 1984, viliwapokonya wafugaji wengi mifugo yao na kuwasukuma mijini, ambako yai lilianza kuzoeleka. Mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa ufugaji wa kuku uliosambaza majogoo wa kisasa vijijini. Lakini mbegu bora bila lishe haijazi trei.

Kuku wa kisasa hutumia takriban gramu 2 za kalisi kuunda gamba la yai moja, hivyo chakula chake sharti kiwe na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, pamoja na protini ya asilimia 16 hadi 18. Kalisi hutokana na chokaa ya mawe au makombe ya baharini yaliyosagwa, na protini hutokana na omena na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Vyote hivi hupanda lori, na Garissa iko zaidi ya kilomita 350 kutoka Nairobi. Joto nalo, ambalo wakati wa kiangazi hupita nyuzi 35, humfanya kuku ale kidogo na kuhema sana, na kwa kuhema hupoteza kaboni dayoksaidi ya damu inayohitajika katika kuunda gamba, kiasi kwamba yai huwa laini hata pale kalisi inapokuwapo. Ndiyo maana chokaa hufaa zaidi ikitolewa jioni, kwa kuwa sehemu kubwa ya gamba hujengwa usiku, na vitamini C huongezwa katika maji ya kunywa.

Wapo walioutumainia mti wa mathenge, ulioletwa Bamburi, pwani, mwaka 1973 na kupandwa Bura, katika bonde la Tana, miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni, kabla haujavamia kingo za Tana. Sifa za maganda yake, yenye sukari nyingi na protini ya wastani, zimetiwa chumvi kwa upande wa kuku: mbuzi hucheua na kunufaika, ilhali kuku hamudu nyuzinyuzi nyingi, na hata kiasi kidogo sharti kisagwe pamoja na mbegu. Isitoshe, kalisi yake haitoshi kabisa kwa gamba, na chokaa bado hununuliwa.