Kubana na kusaga meno mchana: ni kawaida kiasi gani kwa watu wazima?

Hebu angalia kinywa chako sasa hivi. Je, meno ya juu yamegusana na ya chini? Kama huli wala humezi, meno yanapaswa kuachana kidogo, hata midomo ikiwa imefungwa.

Ni watu wangapi wanaobana meno?
Mapitio ya tafiti za watu wazima yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa kati ya asilimia 22 na 31 hubana au kusaga meno wakiwa macho. Hiyo ni sawa na watu wawili au watatu katika kila 10. Wanaosaga mara kwa mara usingizini walikuwa takriban asilimia 13. Kwa hiyo hauko peke yako.

Kwa nini hutokea?
Mchana, watu wengi hubana meno kimyakimya bila kujua. Hutokea ukiwa na wasiwasi, hasira au uchovu, au ukiwa umezama kwenye kazi: kushona, kuendesha gari, kutazama simu, kumbembeleza mtoto anayelia. Sigara, kahawa nyingi na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuchangia. Huenda umeambiwa ni minyoo. Kwa mtu mzima anayebana meno mchana, dawa ya minyoo si tiba.

Dalili za kuangalia
- Taya kuchoka au kuuma
- Kichwa kuuma kwenye panja
- Meno kuuma ukinywa kitu baridi
- Meno kulika, kumeguka au kupasuka
- Alama za meno pembeni mwa ulimi

Unaweza kufanya nini?
Kwa kuwa uko macho, unaweza kujizuia. Kumbuka hivi: midomo pamoja, meno mbalimbali. Chagua kazi unayoirudia kila siku, kama kuwasha jiko au kumnyonyesha mtoto. Kila ukiifanya, kagua taya lako, lilegeze, shusha mabega na uvute pumzi taratibu. Usitafune kucha wala kufungua chupa kwa meno. Taya likiuma, kula vyakula laini kwa siku chache na ulikande kwa kitambaa chenye uvuguvugu.

Wakati wa kumwona mtaalamu
Nenda kwa daktari wa meno kama maumivu hayaishi, jino limepasuka, au taya linakwama. Kama ulianza kubana meno baada ya kuanza dawa mpya, mwambie aliyekuandikia. Usiache dawa mwenyewe.

Wahi hospitali mara moja ikiwa maumivu ya taya yanakuja pamoja na maumivu ya kifua, jasho au kukosa pumzi, kwa kuwa huenda ni moyo. Wahi pia kama taya linakaza na kinywa hakifunguki, hasa baada ya kupata jeraha. Inaweza kuwa pepopunda.

Na kama wasiwasi umekuzidi, mweleze mhudumu wa afya. Kumlea mwingine ni kazi nzito, na wewe pia unastahili kuhudumiwa.