Kutoka Jiwe la Chovae hadi Majabali ya Norway



Msimu wa joto uliopita familia zetu mbili, moja inayoishi Norway na nyingine Uingereza, tulikutana katika mji wa Stavanger tukawapeleka watoto kupanda majabali. Tulikusudia kukuandikieni habari za safari tu: njia ipi, chakula gani, na wenye watoto wadogo wajihadhari na nini. Lakini tulipokaa kuandika tuliona kwamba nusu ya mazungumzo yetu kule juu yalikuwa ya Chovae. Sababu yake ni kwamba tulifuatana na baba yetu, ambaye watoto humwita babu. Yeye amezaliwa Chovae, na watoto hawajapata kuiona.

Kwa wasioijua, Chovae ni kimoja katika visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kusini ya Kismayu mpaka karibu na Ras Kiamboni, penye mpaka wa Kenya. Mtu akitoka Kismayu kwa chombo akielekea kusini hupita Koyama, kisha Ngumi, kisha Chovae, kisha Chula. Ramani za zamani za mabaharia wa Kizungu huandika Tovai na Tula, kwa sababu sauti ya "ch" ya Kibajuni waliisikia au waliipokea kwa watu wengine kama "t". Wakati wa babu, watu walikuwa wakiishi Koyama, Chovae na Chula. Ngumi kulibaki magofu. Milima hakuna. Kuna jiwe la matumbawe, kali kama meno ya msumeno, ambalo bahari imelila kwa chini hata likatokeza nje kama paa la nyumba.

Siku ya kwanza hatukwenda mbali. Kulikuwa na jabali dogo karibu na kambi tuliyofikia, na mwalimu kijana wa Kinorway aliwavisha watoto mikanda na kofia ngumu, akawafundisha kufunga kamba kwa fundo lenye umbo la nambari 8. Babu alikuwa amekaa juu ya jiwe akitazama. Watoto walipokuwa wakihangaika aliomba kamba, akaizungusha kiunoni, na kwa mkono mmoja akafunga kitanzi kisichokaza hata kikivutwa namna gani. Yule mwalimu alistaajabu. Akatueleza kwamba wapandaji milima wa zamani, kabla ya mikanda hii ya leo, walikuwa wakijifunga kwa fundo lile lile.

Babu hakulijua kwa ajili ya kupanda. Wavuvi wa Kibajuni walikuwa na uvuvi wao ambao wageni wengi waliufikia na kuuandika kwa mshangao: kumvua kasa kwa samaki. Samaki huyo ni chaza, mwenye kitu kama soli ya kiatu kichwani, ambaye hujigandisha kwa vinyama vikubwa vya baharini. Mvuvi humfunga chaza uzi mkiani, akiona kasa humwachia, naye huenda kunata kwenye gamba. Hapo mvuvi huvuta polepole. Ukifunga vibaya uzi humkata chaza mkia, ukilegeza humpoteza. Aliyetafutwa khasa ni ng'amba, ambaye gamba lake lilikuwa na bei kubwa katika biashara ya bahari hii. Mtaliana Vinigi Grottanelli aliyekaa na Wabajuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliandika kitabu kizima juu ya maisha yao, kilichotoka mwaka 1955, na jina lake kwa lugha yetu ni "Wavuvi wa Bahari ya Hindi". Ni kitabu kikubwa, nacho ni cha Kitaliani. Wajukuu wa watu wanaoelezwa humo hawawezi kukisoma, na hili tunaliona ni jambo la kusikitisha.

Basi watoto walipanda. Mdogo alifika nusu akalia, akashushwa. Mkubwa alifika juu akarudi na magoti yaliyochubuka na furaha isiyo kifani.

Jioni ile, mtoto wetu mmoja wa sekondari alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Jabali la Norway ni gumu, la kijivu, halina hata chaza la kombe ndani yake. Jiwe la Chovae, kama babu anavyolieleza, limejaa makombe na matumbawe. Je, lipi la zamani zaidi? Tulitafuta, na tuliyoyapata yalitupendeza kuliko swali lenyewe.

Jabali la Norway ni la zamani mno, mamia ya mamilioni ya miaka na zaidi. Lakini sura yake ya leo, yale mabonde marefu yaliyoingiwa na bahari ambayo wenyewe huyaita fjord, imechongwa na barafu. Barafu ilifunika nchi zile za kaskazini mara nyingi, ikijaa na kuyeyuka, na kila ilipoteremka baharini ilikwangua mawe kama randa inavyokwangua ubao. Fjord ndefu kuliko zote nchini humo, Sognefjord, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha mita 1,300 na ushei.

Sasa tazama Chovae. Jiwe la pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji miaka kama 125,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na joto na bahari imepanda mita kadhaa juu ya ilivyo leo. Baadaye baridi ikarudi, maji yakafungika katika barafu huko kaskazini, na bahari ikashuka. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya leo kwa mita 120 au zaidi. Matumbawe yakabaki nchi kavu, yakafa, yakawa jiwe. Wakati huo Chovae haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima tu cha jiwe jeupe, na mtu angeweza kutoka hapo mpaka bara bila ya kulowa mguu. Kisha barafu ikayeyuka, ya Norway na ya Kanada na kwengineko, maji yakarudi, yakapita nyuma ya kilima kile. Maji yaliyojaza fjord na maji yaliyokizunguka kisiwa cha babu yametoka katika myeyuko mmoja.

Tulipomwambia babu alifikiri kidogo akasema, "Kumbe ndiyo maana yanafanana kwa chumvi."

Siku ya pili tulikwenda Preikestolen. Kutoka Stavanger siku hizi hupitwa katika handaki chini ya bahari lililofunguliwa mwisho wa mwaka 2019, lenye urefu wa kilomita 14.4 na linaloshuka mita 292 chini ya maji. Babu alituomba tumgeuzie kwa pima, tukamwambia yapata pima 160. Tangu hapo hakusema neno mpaka tulipotoka upande wa pili.

Preikestolen ni jiwe bapa la kiasi cha mita 25 kwa 25, limening'inia mita 604 juu ya maji ya Lysefjord, wala halina ukuta wala kizuizi pembeni. Jina lake maana yake ni mimbari, ile ya kanisani. Watoto walipolijua hilo walianza kulipanda wakiwa na hamu zaidi. Njia ni kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, na pahala pengi ina ngazi za mawe zilizopangwa na mafundi wa Kisherpa walioletwa kutoka Nepal. Sisi wengine ingetuchukua saa mbili. Na babu na fimbo yake tulitumia saa tatu na nusu, na kila aliyetupita alitusalimu. Wenye watoto wadogo tunawanasihi wawashike mkono tangu mita mia za mwisho, na siku ya mvua wasiende kabisa.

Katika njia ile ndipo watoto walipomuuliza babu kwa nini alitoka Chovae, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akisimulia kwa mpangilio.

Alianza na baba yake, ambaye yeye hakuhama hata siku moja, ila serikali ndizo zilizokuwa zikihama. Alizaliwa Jubaland ikiwa chini ya Waingereza. Mwaka 1925 Waingereza waliikabidhi Jubaland kwa Wataliani, na mpaka ukapita Kiamboni, ukawakata Wabajuni pande mbili: wa Chovae na wenzao wakawa wa Mtaliani, na jamaa zao wa Kiunga, Ndau na Faza wakabaki Kenya. Mwaka 1941 Waingereza walirudi kwa vita. Mwaka 1950 Wataliani nao wakarudi, mara hii kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1960 ikawa Somalia huru. Muda wote huo mashua ziliendelea kwenda Lamu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na watu walioana pande zote mbili za mpaka.

Kisha ukaja mwaka 1991. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwezi wa Januari, na wenye bunduki wakashuka Kismayu na visiwani. Wabajuni hawakuwa na silaha wala kabila kubwa la kuwatetea. Walinyang'anywa mashua, nyavu na injini, na mvuvi asiye na chombo kisiwani hana kitu. Walioweza walipanda vyombo vilivyobaki wakakimbilia Kenya. Wengi waliwekwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa, na babu alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1997 kambi ilifungwa na baadhi ya watu wakarudishwa visiwani kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Babu hakurudi.

Hapo aliomba apumzike. Tulikaa kando ya kijiziwa kilichopo njiani, tukala sambusa, naye akatueleza lililomuuma kuliko mengine.

Alipofika Ulaya aliulizwa katika ofisi moja athibitishe kwamba ni Mbajuni. Maswali ya namna hii yaliwapata wengi. Mwezi wa Septemba 2000 maofisa wa Uingereza, Denmark na Uholanzi walikwenda Nairobi kukusanya habari za jamii ndogo za Somalia, Wabajuni wakiwamo, na miaka iliyofuata watu walikuwa wakiulizwa majina ya visiwa, samaki na pepo, na hata kurikodiwa sauti ili lugha yao ichunguzwe. Babu aliambiwa avitaje visiwa kwa mpangilio. Akavitaja kama anavyovijua baharia anayerudi nyumbani kutoka Lamu: Chula, Chovae, Ngumi, Koyama. Aliyekuwa mbele yake alikuwa na karatasi iliyoanzia Kismayu. Akaulizwa Port Durnford iko wapi, akasema haijui. Maskini, hilo ni jina la Kiingereza la Burkavo, bandari aliyoingia tangu utotoni! Mkalimani alizungumza Kiswahili cha bara, hakumfahamu vizuri naye babu hakumfahamu. Barua ikaja kwamba hakuthibitisha kuwa anatoka huko. Ilipita miaka na rufaa ndipo akakubaliwa.

"Nimetoka katika jiwe lile," alisema, "na karatasi ikanambia sikutoka."

Watoto walinyamaza. Na sisi tulinyamaza kwa sababu nyingine, kwani tulijiuliza: lau leo angekaa mtoto wetu mbele ya meza ile, angejibu nini? Sisi wenyewe tumewafundisha mito ya Ulaya kwa ajili ya mitihani ya skuli, na hatukuwafundisha visiwa vinne.

Na si kwamba historia yetu haikuandikwa. J. A. G. Elliot, Mwingereza aliyevitembelea visiwa, aliandika juu yake katika miaka ya 1920. Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale, alipita pwani ile akakagua magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, akachapisha alichokiona mwaka 1969. Derek Nurse, mwanaisimu, ameikusanya lugha yetu na maneno yake. Tunawashukuru wote. Ila wao waliandika walichoonyeshwa, na waliowaonyesha walikuwa wazee kama babu, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Kwa hivyo tangu tuliporudi tumeanza kumrikodi kwa simu: majina ya ghuba, ya visima, ya miamba ya uvuvi, nani alizikwa wapi. Anarudia rudia, na mara nyingine anakasirika tukimkatiza. Familia yoyote yenye mzee wa Koyama, Chula au Chovae inaweza kufanya hivyo hivyo jioni hii bila ya gharama.

Tulifika juu baada ya adhuhuri. Upepo ulikuwa mkali na watu wengi. Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, nyuma kidogo mbali na ukingo, tukielekea kusini mashariki. Babu alikataa kwenda ukingoni kupigwa picha. Alikaa katikati ya lile jiwe bapa akilipapasa kwa kiganja, akasema ni laini mno, jiwe la namna hii kwao lingekuwa la kuanikia samaki.

Mtoto mdogo, yule aliyelia siku ya kwanza, alisimama mbele yake akaanza kuhesabu kwa vidole: "Koyama, Ngumi, Chovae, Chula."

"Hivyo ni ukienda," babu akamwambia. "Sasa nambie ukirudi."